Barnaba na Ramani Iliyogeuka

Nimekwisha kusema mara tatu kwamba sitaki. Mara ya kwanza nilimwambia Mwalimu Jenista mlangoni kwangu, mara ya pili kanisani, mara ya tatu nikatoka na beseni la maji machafu, sikuyamwaga, nilimwonyesha tu. Anasema wanakusanya habari za watu wa kawaida wa mkoa wetu ziwekwe kitabuni. Nikamuuliza, mtu wa kawaida ndiye nani? Akamtaja Barnaba. Hapo ndipo nilipokubali, kwa hasira. Habari za Barnaba zimesimuliwa na wanaume wote wa Galula, kila mmoja na uongo wake, na hakuna hata mmoja aliyekaa naye nyumba moja. Mimi nilikaa naye. Kwa hiyo nitaandika mwenyewe, polepole, maana herufi nilizipata ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, na mkono wangu ni mzito. Asiye na haraka asome. Mwenye haraka aende zake.

Na nisianze kwa kukuficha. Hii ni habari ya siku tano ambazo Mika, mchimbaji wa hapa, mume wa Aida, alikuwa amefukiwa chini ya ardhi akiwa hai, na watu wakamtafuta mahali asipokuwepo, kwa sababu ramani ilisema yupo.

Barnaba alifika kwetu mwaka elfu mbili na kumi na mbili, kiangazi. Wakati ule mkoa wa Songwe ulikuwa haujakuwepo. Sisi tulihesabiwa Chunya. Alikuja nyuma ya bodaboda, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. Kwao ni Iyula, watu wa kahawa. Baba yake alitaka akae apogolee mibuni, yeye akataka hesabu. Alifundisha sekondari miaka miwili, vumbi la chaki likamletea kikohozi, akaacha. Kikohozi hakikumwacha. Mzee Shaban, mtu wa malori kutoka Tunduma aliyenunua shimo la dhahabu hapa kwetu, ndiye aliyemwita aje apime njia za chini. Nikampa chumba changu cha pili.

Alikuwa mtu wa kunyoosha. Akikuta mafiga yangu yamekaa upande, anayasogeza. Akienda chooni anahesabu hatua kwa sauti, nami nikiwa jikoni najua amefika wapi. Suruali yake aliipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, halafu anashuka nayo shimoni. Nilimwambia, "Mjukuu, udongo hauoni mikunjo." Akasema, "Mimi naiona, bibi."

Kompyuta aliichaji kwa sola ya dukani, jioni anakaa nayo kizingitini. Siku moja nikamuuliza inamfanyia nini.

"Ndani yake kuna maktaba," akasema.

"Vitabu viko wapi?"

"Si vitabu. Ni hesabu ambazo watu wa mbali wamekwisha kuzitengeneza. Mimi naziita kwa jina, zinakuja, zinafanya kazi."

"Zinaitwa, zinakuja. Hayo ni mashetani."

"Ni hesabu, bibi."

"Hata mganga husema vivyo hivyo."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza, maana alikuwa na moyo wa ualimu bado. Shuleni, alisema, mtoto hupewa pembe akatafuta mwinuko. Yeye kazi yake ilikuwa kinyume. Alikuwa na mwinuko, akatafuta pembe iliyouzaa. Kila mahali njia ya chini ilipokata kona, watu walipima kutoka mdomo wa shimo: kwenda mashariki ni kiasi gani, kwenda kaskazini ni kiasi gani. Barnaba aligawa kimoja kwa kingine, jibu akaipa ile hesabu ya kurudisha pembe, na pembe ikamwambia mahali pale pako upande gani. Na hakufanya moja moja. Alimimina safu nzima, namba sitini na nne zimepangwa kama mahindi kwenye gunzi, akabonyeza mara moja, na majibu yote sitini na nne yakashuka kabla hajamaliza kukohoa.

Mstari wa kwanza tu ndio uliokataa, kila siku. Pale mashine iliandika herufi tatu. Nikamuuliza zinasemaje.

"Zinasema hii si namba. Ule mstari ni mdomo wa shimo wenyewe. Mashariki sufuri, kaskazini sufuri. Ukiwa mdomoni, bibi, huna upande."

Sikupenda. Mashine inayojua mahali pasipo na upande, nilisema moyoni, ni mashine iliyokwisha kwenda huko.

Sasa sikiliza habari ya rangi, maana kila kitu kimekaa hapo. Ukienda magharibi badala ya mashariki, au kusini badala ya kaskazini, wasomi huweka kistari mbele ya namba. Shimoni kwetu hilo haliwezekani. Kwenye daftari la mahudhurio ya wachimbaji, kistari mbele huwekwa kwa mtu aliyekufia chini. Hakuna mchimbaji atakayekubali kistari kiandikwe kwenye karatasi inayohusu njia anayoingia yeye. Barnaba hakubishana nao. Akapaka ukingo wa dira rangi mbili, bluu kwa mashariki na kaskazini, nyekundu kwa magharibi na kusini, hata asiyesoma aweze kuitumia. Mika alishuka na dira na kamba, akarudi juu akimtajia mkewe: bluu kumi na moja, nyekundu saba. Aida akaandika kwa kalamu ya rangi hiyo hiyo. Mika hakujua bluu ni upande gani, na chini kule, baada ya kona ya tatu, hata mwenye akili hajui jua liko wapi. Barnaba alipolipata daftari, kila nyekundu aliiwekea kistari ndani ya mashine, siri yake na mashine. Rangi zile niliona ni busara. Kila mtu aliona.

Ramani ilibandikwa kwenye kibanda cha Mzee Shaban. Ilionyesha njia inatoka shimoni inakwenda mlimani, mbali na makazi. Aida hakuitwa kuitazama. Kazi yake ilikuwa kuandika.

Mwezi wa nane nikaanza kusikia mlango.

Naita mlango kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kama mtu anayebisha. Mara tatu. Ilitoka chini ya sakafu ya jikoni. Haikuwa usiku, usiku ningesema ni ndoto. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama, kuku wamejilaza kivulini wamefungua midomo, na mimi natwanga. Nikitua mchi nipumzike, chini kunagongwa mara tatu. Nikitwanga tena, nikatua, mara tatu tena. Nikaanza kuweka jivu pale sakafuni. Jivu lilitikisika, likajipanga viduara vidogo, vizuri, kama vilivyochorwa.

Mume wangu amezikwa nyuma ya jiko, hatua kumi na mbili. Barnaba ndiye aliyezihesabu.

Nilimwambia Barnaba. Akalala kifudifudi, na suruali yake ya pasi, akaweka sikio. Siku hiyo hakukugongwa. Akaniambia, "Bibi, ramani inasema hapa chini hakuna kitu." Nikaenda kwa Mzee Shaban, mbele ya wachimbaji.

"Mnachimba chini ya nyumba yangu."

"Mama, sisi tuko mlimani kule. Ramani hii hapa ukutani."

"Sisomi ramani. Nasikia nyundo."

"Basi ni mzee wako anadai uji," akasema, na wote wakacheka, hata Mika, kijana ninayemjua tangu anabebwa.

Nikaapa pale pale kwamba hata jiko langu likitumbukia, sitafungua mdomo tena. Mimi nikiapa nimeapa. Watu wa Galula wanajua.

Jumatatu moja mwezi wa kumi, asubuhi, matimba yakavunjika. Matimba ni yale magogo yanayoshikilia paa la njia ya chini. Wawili waliokuwa karibu na mdomo walitoka wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Mika alikuwa mbele kabisa, hakutoka. Kifusi kilijaa njia, kuchimba kwa ndani hakukuwezekana. Kazi zote zikasimama, karasha zikazimwa kila shimo, maana mtu akifukiwa chini hakuna anayesaga mawe. Barnaba akafungua kompyuta, akataja mahali mlimani ambapo ncha ya njia ilipaswa kuwepo, na wanaume wote wakapanda na sururu na machepe. Aida akakaa pembeni, daftari mapajani.

Jumatatu ile nilitwanga, maana wachimbaji wanataka kula. Nikasikia mara tatu. Jumanne nikatwanga, nikasikia mara tatu, polepole kuliko zamani. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeapa. Na nilishaambiwa ni marehemu, basi nikasema marehemu naye anamlilia Mika. Liache hivyo, Jenista, usipunguze: siku mbili nilisikia, nikanyamaza kwa kiburi.

Jumatano alfajiri nikapanda bodaboda kwenda Mkwajuni kwa dawa ya macho. Kinu nilikiingiza ndani, nikafunga jiko kwa kufuli, ufunguo shingoni. Nikalala huko kwa binamu yangu. Alhamisi saa tano nikarudi. Kijiji kizima kiko mlimani. Hapakuwa na sauti ya mtu, wala redio, wala mbuzi. Hata mbwa walikuwa wamewafuata watu. Nikakaa jikoni. Nilingoja kubishwa, hakukubishwa. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kubishwa. Ulikuwa kama mtu aliyeko chumba cha pili anayekusikiliza.

Kwetu mtu hatwangi kinu kitupu. Ni kuita msiba. Nilikitazama muda mrefu. Kisha nikashika mchi, nikapiga mara mbili, kinu kitupu.

Chini pakagongwa. Moja. Mbili. Nikahesabu mpaka kumi na tano ndipo ikaja ya tatu.

Nikapiga mara nne. Zikaja tatu.

Marehemu mume wangu hakuwahi kunijibu hata akiwa hai. Nilivaa kandambili nikapanda mlima.

Walikuwa wamefungua mashimo matano, wamekuta mwamba mtupu. Barnaba amesimama na mashine mkononi, midomo imepasuka, suruali imechanika gotini.

"Mika yuko jikoni kwangu," nikasema.

"Mama, rudi nyumbani," akasema Mzee Shaban. "Si leo."

"Wewe nyamaza, ulishaongea mwezi wa nane." Nikamgeukia Aida. "Mwanangu, nipe hilo daftari."

Akanipa. Sisomi haraka, lakini nimeuza nyanya miaka thelathini na rangi haijawahi kunidanganya. Nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine. Wekundu mtupu. Safu mbili, mashariki na kaskazini, zote nyekundu kuanzia kona ya pili hadi mwisho.

"Barnaba, bluu iko wapi?"

"Ni nyekundu, bibi. Naziwekea kistari."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Halafu ndani ya mashine unazifanya nini?"

"Nazigawa, halafu naomba pembe." Kikohozi kilikuja akakizuia. "Nazigawa," akarudia.

"Nyekundu ukiigawa kwa nyekundu inatoka nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina na asiyemwona anayemwita.

"Bluu," akasema. "Vistari viwili vinafutana."

Hakuna aliyemcheka mtu. Barnaba alikaa chini pale pale kwenye udongo. Alituambia kwamba kwenye maktaba ile ile kuna hesabu nyingine ya kurudisha pembe. Hiyo haitaki jibu lililokwisha kugawanywa. Inataka namba mbili kila moja peke yake, na kistari chake, ndipo ijue mtu ameenda mbele au amerudi nyuma, duara lote. Ile ya kwanza inajua nusu ya duara tu, aliye upande wa pili inamleta huku. "Mashimo yote niliyopima kabla ya hili yalikwenda upande wa bluu," akasema. "Hii nyingine niliijua, bibi. Niliona haina haja."

Akamimina safu upya. Tulimzunguka wote. Mstari wa njia uliokuwa mlimani ukafutika, ukatokea ng'ambo ya pili ya shimo, sawasawa na ule wa kwanza, kona kwa kona, kama kivuli kinachomtoka mtu. Na ule mstari wa mdomoni, uliosema si namba, safari hii ukaandika sufuri. Ncha ya njia ilikaa mahali peupe. Barnaba hakuwahi kuchora nyumba za watu, alichora mashimo na vigingi tu. Aida akaweka kidole pale peupe.

"Hapa ni jikoni kwa bibi," akasema.

Walishuka mlima wakikimbia. Njia ya chini ilikuwa imepanda kufuata mwamba wa dhahabu, na chini ya jiko langu ilibaki pima nne tu. Walivunja sakafu, wakatupa mafiga yangu uani, wakachimba kwa zamu. Mimi nilikalisha kinu uani, kila wakipumzika napiga mara mbili, wanatulia, tunangoja. Ilijibiwa. Kufikia Ijumaa asubuhi ilijibiwa mara moja tu badala ya tatu. Saa sita na nusu chepe la Barnaba likatoboa hewa.

Mika alivutwa juu ndani ya ngozi ya ng'ombe. Mguu wa kushoto ulikuwa umelaliwa na gogo, hautembei vizuri mpaka leo, lakini anatembea. Mkono mmoja ulikuwa huru, na nyundo ndani yake.

Alipopata nguvu ya kuongea alinieleza habari ya kubisha. Wachimbaji, mwamba ukilia juu yao, hugonga mara tatu kusema tumesikia, tunapita. Wiki zote zile walikuwa wanasikia mchi wangu darini mwao. Ramani iliwaambia juu yao ni mlima mtupu, hakuna mtu anayeweza kutwanga. Basi wakasema ni wafu wa mlimani, wakawagongea kwa adabu. Na mimi huku juu nikasema ni marehemu wangu. Tulisalimiana hivyo karibu miezi miwili, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Tulicheka siku ile. Barnaba alikuwepo, amekuja na uji wa mgonjwa. Kisha Mika akanishika mkono.

"Bibi, zaidi ya zote nakushukuru kwa Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Siku ya tatu. Nilikuwa nataka kulala, na nilijua nikilala siamki. Wewe ukatwanga tangu asubuhi mpaka jioni, hukupumzika. Nilihesabu mpaka elfu mbili. Nikawa nasema, bibi huyu mkorofi hataniacha nilale."

"Ulikosea siku, mjukuu. Chini kuna giza."

"Saa yangu inawaka," akasema. "Na tarehe inaonyesha."

Nikamwangalia Barnaba. Yeye alijua nilikuwa Mkwajuni. Kijiko chake kilisimama njiani. Alitoka akaenda nyumba kwa nyumba na daftari jipya, akauliza kila mwanamke wa upande wetu: Jumatano ulitwanga? Ulipasua kuni? Ulipiga nini? Wote walikuwa mlimani. Karasha zilikuwa zimezimwa. Kufuli langu lilikuwa mahali pake, na kinu nilikikuta Alhamisi kimekaa nilipokiacha. Barnaba alirudi, akakaa kizingitini, akaandika kitu mstari mmoja. Nilimwomba anisomee. Akasema, "Hakuna namba hapo, bibi."

Aliendelea kupima mashimo miaka mitatu. Tangu siku ile kila ramani yake ilikuwa na nyumba, na majiko yake, na makaburi, na kila namba aliiingiza na kistari chake bila kuigawa. Mwaka elfu mbili na kumi na tano alihamia Tunduma, kata ya Chapwa, anapigia watu hesabu za mapaa. Nilimtembelea. Anapiga pasi bado. Amepanga chumba cha juu, ghorofani, wala si kwamba cha chini kilikosekana.

Wachimbaji walinijengea jiko jipya. Mika, kila Pasaka, hunichechemelea mpaka hapa na kuku wawili. Mmoja ni wa Alhamisi, huyo nampokea, ni haki yangu, nilipanda mlima kwa magoti mabovu. Wa pili ni wa Jumatano. Huyo namrudisha. Ananiambia, "Bibi, pokea tu, nani mwingine?" Mimi sijawahi kula jasho la mtu mwingine, na sitaanza sasa, awe mtu wa namna gani.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, usifunge kitabu ukaenda kulala. Kama Jumatano ile, mwezi wa kumi, mwaka elfu mbili na kumi na mbili, ulikuwa Galula au ulipita tu njiani, na ukatwanga chochote, hata kisamvu, tangu asubuhi mpaka jioni, niandikie. Weka jina lako na jina la baba yako, useme ulikuwa umesimama wapi. Kama si wewe, muulize mama yako, muulize na bibi yako. Peleka jibu kwa Mwalimu Jenista, atanisomea. Usiniandikie kunipa pole, sijafiwa. Nataka jina.